Nani Anaruhusiwa Kuomba: Mwongozo wa Kuandika Vigezo vya Huduma za Umma Mtandaoni

Vigezo vya kustahiki ni maneno yanayomwezesha mtu kujua kama huduma fulani inamhusu au haimhusu. Dirishani mwa ofisi, karani huweza kuyafafanua, kumuuliza mwombaji maswali mawili matatu na kumwelekeza. Mtandaoni karani hayupo. Mwombaji husoma peke yake kwenye simu, au husomewa na kijana wa stesheneri anayemjazia fomu kwa malipo. Kigezo kikisomeka kwa namna mbili, mmoja aliyestahili huacha kuomba, na mwingine asiyestahili hupoteza ada, bando na nauli ya kufuatilia barua ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo kigezo kizuri hupimwa hivi: mwombaji aweze kukijibu "ndiyo" au "hapana" kabla hajatoa hata shilingi moja, na ofisa anayepokea ombi apate jibu lile lile.

Mfano wa kubuni utatumika katika mwongozo huu: halmashauri inatoa ruzuku ya vifaa vya kazi kwa mafundi vijana, na tangazo lake linasema hivi:

"Mwombaji awe kijana wa Kitanzania mwenye umri usiopungua miaka 18 na usiozidi miaka 35, mkazi wa halmashauri husika, asiwe na ajira rasmi, awe hajawahi kunufaika na ruzuku kama hii isipokuwa kama alirejesha vifaa, na awe na kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA na barua ya utambulisho."

Sentensi hiyo ni ya kawaida katika matangazo ya serikali, na kila sehemu yake ina mtego.

Kuanzia kwenye sheria

Mwandishi wa vigezo hana mamlaka ya kubuni sharti. Kazi yake ni kusema kwa lugha nyepesi kile ambacho sheria, kanuni au waraka umekwisha kuamua. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kukusanya vyanzo vyote na kuandaa jedwali la safu nne: sharti lenyewe, kifungu linakotoka, ushahidi unaolithibitisha, na ofisa au mfumo unaolihakiki. Sharti lisilo na kifungu huulizwa lilikotoka. Mara nyingi hugundulika kuwa ni desturi ya ofisi iliyoanza enzi za mafaili ya karatasi, kama vile kudai picha nne za pasipoti wakati mfumo unahitaji moja, na linaweza kuondolewa. Sharti lisilo na ushahidi ni tatizo jingine: kama hakuna karatasi wala namba inayolithibitisha, ofisa ataliamua kwa kumtazama mtu usoni.

Lugha ya chanzo huongeza kazi. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini kanuni nyingi bado zinasomwa katika Kiingereza. Neno moja la kisheria likifasiriwa "mkazi" kwenye tovuti, "mwenyeji" kwenye bango na "mzaliwa" kwenye ujumbe wa simu, halmashauri itakuwa imetunga masharti matatu bila kujua. Tafsiri ya kila neno la msingi huamuliwa mara moja, huthibitishwa na mwanasheria wa taasisi, kisha hutumika vile vile kila mahali.

Kigezo kimoja, sentensi moja

Sentensi ya mfano imebeba masharti sita kwa pumzi moja. Msomaji akifika mwisho wake amekwisha kusahau mwanzo. Dawa ni kuivunja ili kila sharti lisimame peke yake, likianza na mtu na kuishia kwenye jambo linaloweza kuhakikiwa. Uraia, umri, makazi, ajira, historia ya ruzuku na utambulisho huwa vipengele sita, na kila kimoja hupewa jibu lake.

Nafsi ya pili husaidia sana katika maandishi yenyewe ya huduma. "Unaishi katika halmashauri hii" hueleweka upesi kuliko "mwombaji awe mkazi wa halmashauri husika", na neno "husika" humlazimu msomaji kurudi nyuma kutafuta kinachohusika. Faida ya pili ni ya kisarufi. Kiambishi "a-" hakionyeshi ni nani anayesemwa pale watu wawili wanapokuwa katika sentensi moja. Katika "Mlezi anayemwombea mwanafunzi awe na barua ya shule yake na namba yake ya NIDA", namba ni ya mlezi au ya mwanafunzi? Kiswahili hakisaidii hapo, kwa kuwa "yake" inawafaa wote wawili. Jina hurudiwa bila aibu: "namba ya NIDA ya mlezi". Urudiaji unaochosha katika hadithi ndio unaookoa maombi katika fomu.

Maneno yanayodhaniwa kuwa wazi

Maneno magumu hayaleti shida kubwa, kwa sababu msomaji anajua kuwa hayajui na atauliza. Yanayodanganya ni yale ya kila siku, ambayo kila mtu ana hakika anayaelewa.

"Kijana" ni la kwanza. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 260, inamtaja kuwa aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajatimiza 35. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake huishia miaka 24. Mitaani, mtu wa miaka 42 aliyevaa kofia huitwa kijana na wazee wake. Neno likibaki kwenye kichwa cha tangazo halina madhara, lakini katika kigezo hubaki tarakimu tu.

"Mkazi" hutumika kwa aliyezaliwa mahali, aliyejenga hapo, aliyepanga chumba wiki iliyopita na anayefanya kazi mjini ilhali familia iko kijijini. Zanzibar neno hilo lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa upo utambulisho wa Mzanzibari Mkaazi wenye masharti yake. Kigezo hutaja muda uliowekwa na kanuni pamoja na kithibitisho: "Umeishi katika halmashauri hii kwa miezi sita au zaidi, na ofisi ya mtaa au kijiji chako inaweza kuthibitisha kwa barua."

Maneno ya ukoo yanahitaji uangalifu zaidi. Katika familia za Afrika Mashariki, baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mtoto wa kaka ni mtoto wa nyumbani. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja au wa kabila moja. Fomu inayouliza "Je, una mtoto anayesoma?" itajibiwa kwa ukweli wa ukoo, wakati ofisi ilikusudia mtoto wa kumzaa au aliyeasiliwa kisheria. "Yatima" nalo hugawanyika: katika mafundisho ya Kiislamu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe, na katika mazungumzo ya kawaida ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kigezo husema waziwazi: "Baba yako mzazi, mama yako mzazi, au wote wawili wamefariki." "Kaya" kwa kawaida huelezwa kuwa watu wanaokula chungu kimoja, na maelezo hayo yanafaa mpaka anapotokea mume mwenye wake wawili wanaopika katika nyumba mbili. Hali kama hiyo hutajwa mapema, kwa sababu hakika itakuja.

"Ajira rasmi" katika mfano wetu humkanganya anayejitolea shuleni kwa posho, dereva wa bodaboda mwenye leseni na fundi mwenye mkataba wa miezi mitatu. Badala ya kulifafanua neno kwa maneno mengine, kinatafutwa kitu kinachoonekana: "Hakuna mwajiri anayekukatia michango ya NSSF au PSSSF." Mtu analijua hilo kwa kutazama hati yake ya mshahara, na ofisi inaweza kulihakiki kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wenyewe. Kwa njia hiyo hiyo, "mwenye kipato cha chini" na "mwenye uhitaji" hazifai kuwa vigezo mpaka zipewe kiasi au orodha. Mpango wa Inua Jamii nchini Kenya ulipowafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018, uliegemea umri, jambo linalosomeka kwenye kitambulisho. Umaskini husomeka kwa shida zaidi.

Umri, tarehe na saa

Hakuna sehemu inayozaa rufaa nyingi za kipuuzi kama tarakimu zisizo na mpaka. "Umri usiozidi miaka 35" unaonekana wazi mpaka afike mtu mwenye miaka 35 na miezi mitano. Kwa desturi ya Kiswahili atasema, "Nina thelathini na tano, naingia thelathini na sita." Ofisa mmoja atamhesabu kuwa bado ana 35, mwingine atasema ameshazidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, ambayo nayo imekuwa na ukomo wa miaka 35, huufunga kwa kutaja wakati: umri hupimwa mtu anapoomba. Hilo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchagua kitenzi kisicho na ugomvi, na kitenzi hicho ni "kutimiza". "Umeshatimiza miaka 18 na bado hujatimiza miaka 36" hakuna anayeweza kuisoma kwa namna mbili, kwa sababu kila mtu ana siku moja tu ya kutimiza.

Usalama zaidi hupatikana kwa kumfanyia mwombaji hesabu. Dirisha la maombi likifungwa tarehe 31 Agosti 2026 na umri ukipimwa siku hiyo, kigezo huandikwa: "Umezaliwa kati ya tarehe 1 Septemba 1990 na tarehe 31 Agosti 2008. Tarehe zote mbili zimo." Maneno manne ya mwisho ni ya lazima, kwa kuwa "kati ya", "kuanzia" na "hadi" hazisemi zenyewe kama kingo zimo au hazimo.

Saa huhitaji uangalizi wa pekee kwa Kiswahili. "Mwisho wa kupokea maombi ni saa 6:00 usiku, tarehe 31" humwacha msomaji njia panda: ni usiku wa kuamkia tarehe 31 au wa kuamkia tarehe 1? Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu ya mfumo wa kompyuta siku hugeuka katikati ya usiku. Zaidi ya hayo, simu ya mwombaji huonyesha 23:59 au 00:00 na si saa za Kiswahili. Njia ya kukwepa yote hayo ni kuacha saa sita kabisa na kuandika: "Jumatatu, 31 Agosti 2026, saa 5:59 usiku (simu yako itaonyesha 23:59)." Taasisi yenye busara hufunga dirisha saa 10:00 jioni, wakati dawati la msaada bado lina watu.

"Mwaka" pia hutajwa aina yake. Mwaka wa fedha wa Tanzania na Kenya huanza Julai 1, mwaka wa masomo wa vyuo huwa na tarehe zake, na "mwaka uliopita" katika mazungumzo ni Januari hadi Desemba. "Siku 14" husema kama ni za kazi au ni siku zote zikiwemo Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Na, au, isipokuwa

Viunganishi vifupi hubeba uamuzi mzito. "Kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA na barua ya utambulisho" kuna anayeisoma kuwa mwenye kadi hahitaji barua, na kuna anayeisoma kuwa barua ni ya wote. Suluhisho ni kutenganisha kwa vichwa: "Unahitaji vyote viwili", kisha orodha, au "Kimoja kati ya hivi kinatosha", kisha orodha. "Na/au" haifai katika kigezo chochote, maana humrudishia msomaji swali aliloliuliza.

"Isipokuwa" ikikutana na ukanushi huzaa fumbo. "Awe hajawahi kunufaika isipokuwa kama alirejesha" husomwa mara mbili hata na ofisa mwenyewe. Ukanushi hugeuzwa kuwa hali mbili zilizo wazi: "Hujawahi kupata ruzuku hii; au uliwahi kuipata na ulirejesha vifaa vyote." Kanuni ya jumla ni kwamba kigezo husemwa kwa kukubali, na vizuizi vichache vilivyobaki hukusanywa pamoja chini ya kichwa "Huwezi kuomba ikiwa".

Kigezo, kipaumbele na kiambatisho

Mambo matatu huchanganywa katika orodha moja na kuwachanganya waombaji. Kigezo humfungulia mtu mlango au humfungia. Kipaumbele humpanga foleni akiwa ameshaingia. Kiambatisho ni ushahidi wa kimoja kati ya hivyo viwili. Tangazo linaposema "wenye ulemavu, yatima na wanawake watapewa kipaumbele" ndani ya orodha ya masharti, mwanaume asiye na ulemavu hudhani hahusiki na hafungui fomu. Kila kundi hupewa kichwa chake, na cha kipaumbele huanza na sentensi ya kuondoa hofu: "Unaweza kuomba hata kama hakuna kati ya haya kinachokuhusu."

Kwa upande wa viambatisho, huanzwa kwa kuuliza kile ambacho serikali tayari inacho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mfumo unaopokea namba hiyo hauna sababu ya kudai cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya umri peke yake. Kudai taarifa isiyohitajika pia hugongana na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Kasoro inayowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na cheti cha kuzaliwa kimeandika "Mwajuma" pale shule ilipoandika "Mwanajuma". Tangazo lisilosema lolote kuhusu tofauti hizo huwaacha watu hao wakisubiri kukataliwa. Sentensi moja hutosha kueleza kama hati ya kiapo inakubalika, inaapwa wapi, na inapakiwa kwenye sehemu ipi ya fomu.

Mpangilio kwenye skrini

Vigezo huwekwa kabla ya kujisajili, kabla ya nywila na kabla ya namba ya malipo kutolewa. Huanza na kile kinachowaondoa wengi kwa haraka zaidi, kwa kawaida uraia, umri au mahali, ili asiyehusika aondoke baada ya mistari miwili. Havifichwi ndani ya faili la kupakua, kwa kuwa faili hula bando na herufi zake hazisomeki kwenye simu ndogo. Pale huduma inapopatikana pia kwa kubonyeza nyota na reli, nafasi ni finyu zaidi: skrini moja ya menyu ya aina hiyo haizidi herufi 182, na ujumbe mfupi wa kawaida ni herufi 160. Katika nafasi hiyo kila kigezo huwa swali moja lenye majibu "1. Ndiyo" na "2. Hapana".

Baada ya hatua hizo zote, utambulisho ukiwa umehamia kwenye viambatisho, tangazo la ruzuku ya mafundi husomeka hivi:

Unaweza kuomba ruzuku hii ikiwa yote matano ni kweli kwako:
1. Wewe ni raia wa Tanzania.
2. Umezaliwa kati ya tarehe 1 Septemba 1990 na tarehe 31 Agosti 2008. Tarehe zote mbili zimo.
3. Umeishi katika halmashauri hii kwa miezi sita au zaidi.
4. Hakuna mwajiri anayekukatia michango ya NSSF au PSSSF.
5. Hujawahi kupata ruzuku hii. Au uliwahi kuipata na ulirejesha vifaa vyote.

Ili kuomba unahitaji vyote viwili:
– namba yako ya NIDA (huhitaji kadi yenyewe);
– barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa au kijiji unachoishi.

Tangazo limeongezeka mistari, ila muda wa kulielewa umepungua.

Jibu la hapana

Maandishi ya vigezo hayaishii kwa anayestahili. Asiyestahili naye ni msomaji, na anadai kuambiwa mambo matatu: ni kigezo kipi kilichomwangusha, kama hali hiyo inaweza kubadilika, na aende wapi sasa. "Ombi lako halikukidhi vigezo" haina hata moja kati ya hayo. "Hujafikisha miezi sita ya kuishi katika halmashauri hii. Unaweza kuomba tena dirisha lijalo" inayo mawili, na kiungo cha kuelekea huduma nyingine hukamilisha la tatu. Nchini Kenya hili ni zaidi ya adabu: ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu ambaye haki au uhuru wake wa msingi umeathiriwa vibaya na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu hiyo huandikwa kwa maneno yale yale ya kigezo, ili mtu aweze kuyalinganisha.

Kujaribu na kutunza

Jaribio la kwanza hufanyika mezani kwa waombaji wa kubuni waliowekwa ukingoni. Kwa kigezo cha umri hapo juu, hao ni wanne: aliyezaliwa tarehe 31 Agosti 1990 (hastahili), 1 Septemba 1990 (anastahili), 31 Agosti 2008 (anastahili) na 1 Septemba 2008 (hastahili). Maofisa wawili huwapima kila mmoja kwa wakati wake, bila kushauriana. Wakitofautiana kwa mmoja tu, kosa ni la maandishi.

Jaribio la pili hufanyika na watu. Msomaji haulizwi "Umeelewa?", kwa sababu heshima humfanya ajibu "Ndiyo". Huombwa aeleze kwa maneno yake kama shangazi yake, aliyehamia mwezi uliopita, anaweza kuomba. Wasaidizi wa stesheneri, watendaji wa mitaa na wahudumu wa dawati la simu ni wajaribu bora, maana wao ndio wanaojua swali lililoulizwa mara ishirini jana. Swali linalorudi hivyo huonyesha sentensi ya kurekebishwa.

Hatimaye, vigezo hubadilika bajeti au kanuni zinapobadilika. Maandishi hutunzwa sehemu moja, na tovuti, mabango na ujumbe wa simu huyachukua hapo. Kila toleo huandikwa tarehe ya kuanza kutumika, na toleo la zamani huhifadhiwa badala ya kufutwa, ili aliyeomba Julai apimwe kwa maneno aliyoyasoma Julai, hata kama ombi lake litafunguliwa Oktoba.